Uhakiki wa Mwalimu Sikudhani

Jina la nchi yetu siliandiki. Msidhani naogopa. Kwetu hofu ilipigwa marufuku kwa tangazo la serikali, na wale wachache waliokutwa wakitetemeka walichukuliwa wakafundishwa kutulia, nao wametulia kabisa. Siliandiki kwa sababu ya adabu tu. Nchi yetu ina haya, haipendi kusifiwa kwa jina mbele za watu, na mimi leo nimekuja kuisifu.

Mimi ni mwandishi wa risala katika Wizara ya Milango. Ukisikia mgeni rasmi anaambiwa kwamba ujio wake umewakosesha wananchi usingizi kwa furaha, ujue hiyo ni kalamu yangu. Zamani wizara yetu ilisimamia milango ya kawaida, ile ya mbao, ambayo raia aliigonga asubuhi akaambiwa afisa yuko kwenye chai, akaigonga mchana akaambiwa afisa yuko kwenye kikao, akarudi kwake jioni ameshiba majibu. Mkuu wa Nchi alipouona usumbufu huo moyo ulimuuma, akaamuru huduma zote zihamie kwenye tovuti moja. Ikaitwa Mlango Mmoja. Wiki hiyohiyo milango na madirisha ya ofisi zote yalizibwa kwa matofali upande wa barabarani, raia wasije wakajichosha kwa kuchungulia. Sisi watumishi tunaingilia nyuma, kupitia jikoni.

Siku ya uzinduzi Mkuu alikata utepe uliofungwa kwenye kompyuta, na kwa ukarimu wake akakata na waya uliokuwa chini ya utepe. Tovuti ikalala karibu mwezi mzima. Hakuna raia aliyelalamika, kwa kuwa malalamiko yote hupokelewa kwenye tovuti. Waziri wetu, Mheshimiwa Daktari Mhandisi Nyamsenda Kilumba, alilisimulia jambo hilo bungeni huku machozi yakimtoka: mwezi mzima, taifa zima, halina lalamiko hata moja! Wabunge walipiga meza mpaka mmoja wao akavunjika kidole, na kikao kikaahirishwa ili apelekwe kwa waganga.

Sasa, marafiki wa nchi yetu, wale wa ng'ambo, waliipenda tovuti lakini wakauliza maswali. Kipofu ataingiaje? Kiziwi je? Na mzee ambaye mikono inamtetemeka? Tuliwaeleza kwamba kutetemeka kulishapigwa marufuku, hawakuridhika, wakataka sheria. Tukaitafuta sheria hiyo, tukaipata katika nchi moja ya baridi, tukaibeba nzima nzima, na Bunge likaipitisha kabla ya chakula cha mchana. Ni sheria nzuri mno, inaitwa Sheria ya Ufikivu. Inasema kila picha iwe na maelezo ya maneno, kila kitufe kiseme jina lake, maandishi yasififie, mtu apewe muda wa kutosha, na kila penye cha kuona pawe pia na cha kusikia. Kifungu cha tisa kinaagiza njia za viti vya magurudumu zisafishwe theluji, nasi tukamwajiri Afisa Theluji. Ni mchapakazi yule bwana. Tangu aajiriwe hakuna chembe ya theluji iliyoonekana wizarani, na mwaka jana alipewa cheti cha mfanyakazi bora.

*

Mwalimu Sikudhani Mbaruku alikuwa jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Ni kipofu tangu utotoni, na alifundisha somo la Uraia katika sekondari ya mtaani kwetu. Ndiye aliyemfundisha binti yangu Zawena kwamba serikali ni ya watu, nami ikanibidi nimwombe Zawena asilirudie jambo hilo kwa sauti wakati wa chakula. Simu ya Mwalimu ina programu inayomsomea kila kilichomo kwenye kioo, na yeye huisikiliza kwa kasi ambayo mimi sidaki hata neno. Kwa simu hiyo alisahihisha insha, aliagiza mchele, alisoma magazeti na kubishana na wahariri. Katika tovuti nyingine zote za dunia hakuhitaji kushikwa mkono na mtu.

Lakini kila mwaka, raia wa nchi yetu sharti athibitishe kwamba yu hai. Zoezi hilo linaitwa Uhakiki wa Uhai, na linafanyika Mlango Mmoja peke yake. Siku ya mwisho ikipita hujahakikiwa, unahesabiwa marehemu. Kumfanyia mtu mwingine uhakiki ni jinai ya kifungo, kwani serikali iligundua kwamba wafu wengi walikuwa wakihakikiwa na ndugu zao, na baadhi yao walikuwa wakipiga kura. Wale wa kura walisamehewa, kwa sababu walikuwa wamepiga vizuri.

Jumamosi moja asubuhi Mwalimu alinigongea ukuta. "Baba Zawena, njoo unisikilizie hapa. Usiguse kitu. Usikilize tu, nisije nikadhani nimeingiwa na wazimu."

Nikaenda na kikombe changu cha chai, nikaketi mbali na simu. Mwalimu akafungua Mlango Mmoja. Simu ikasema: "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kiungo. Picha."

"Wewe mwenye macho, unaona nini?" akaniuliza.

Niliona picha ya Mkuu wa Nchi, imechukua nusu ya ukurasa, inatabasamu na kupepesa macho. Chini yake palikuwa na maandishi ya kijivu juu ya kijivu kingine, rangi ambayo mke wa Waziri aliichagua kwa ajili ya mapazia na ikabaki. Nikamjibu kwamba naona maendeleo.

"Na vitufe hivi ni vya nini?"

"Siruhusiwi kukwambia, Mwalimu."

Akacheka, akabonyeza kimoja kwa kubahatisha. Kilikuwa cha kuombea leseni ya mbwa. Akarudi, akabahatisha tena na tena, hadi akaufikia ukurasa wa uhakiki. Hapo raia huonyeshwa picha nyingi ndogo na kuambiwa achague zote zenye Mheshimiwa Waziri, ili ithibitike kwamba yeye ni mtu na si mashine. Simu ikamsomea: "Picha. Picha. Picha. Picha." Hata mimi nilipochungulia nilishindwa kuamua kuhusu moja iliyoonyesha sikio tu.

"Sheria inasema pawe na sauti badala ya picha," akasema Mwalimu. Na kweli ilikuwepo; kitufe kidogo pembezoni kabisa. Alikisaka, akakipata, akakibonyeza. Wimbo wa taifa ukaanza.

Hapa mgeni hataelewa, sharti nimweleze. Kwetu wimbo wa taifa ukipigwa kila mtu husimama wima, mikono ubavuni, hakohoi, hajikuni hata akipandwa na siafu. Tunalelewa hivyo tangu chekechea. Nimewahi kumwona daktari wa meno amesimama na koleo lake, na mgonjwa naye amesimama mbele yake, mdomo wazi, damu inamtiririka. Kwa hiyo mkandarasi wetu alipoambiwa aweke sauti kwenye tovuti, aliweka sauti ambayo hakuna mkubwa angethubutu kuikataa. Mwalimu akasimama, nami nikasimama, na bendi ya magereza ikapiga beti zote. Wimbo ulipokwisha Mwalimu akainamia simu yake, nayo ikamwambia kwa upole: "Muda wako umekwisha. Anza upya."

Akaanza upya. Tukasimama tena. Safari ya tatu nilimwona ananyoosha kidole kuelekea simu huku bendi inapiga. Kidole kikafika katikati ya njia, kikarudi ubavuni chenyewe.

"Mwalimu wa Uraia," akasema kulipotulia. "Nimewafundisha watoto kusimama miaka yote hii, na mwili wangu nao umesoma." Hakucheka safari hii.

Nikamshauri awasilishe lalamiko. Akaniuliza aliwasilishe wapi. Nikamalizia chai yangu, nikaaga.

*

Kabla uhakiki haujafungwa, wakaguzi wa viwango wakatangaza kwamba wanakuja kutoka ng'ambo kuona kama Sheria ya Ufikivu inatekelezwa. Kwetu mgeni akitangazwa, mawe hupakwa chokaa. Sababu haijulikani, ila haijatokea mgeni akaja akayakuta mawe na rangi yake ya kuzaliwa. Tuliyapaka yote kuanzia uwanja wa ndege hadi wizarani, tukaleta nyasi kwa lori tukazisimamisha, na Waziri akaagiza safu ya mbele ya ukumbi ijae vipofu.

Hapo pakawa na tatizo. Watu wa usalama walishauri kwamba vipofu wa kweli hawaaminiki, maana hawaioni ishara ya kupiga makofi. Basi tukatengeneza wa kwetu. Watumishi wa wizara walichaguliwa, wakagawiwa miwani myeusi, fimbo nyeupe na posho ya giza, wakaitwa vipofu wa muda. Walifanya mazoezi wiki nzima, wanabonyeza tovuti huku wametazama dari. Mmoja wao alijituma kiasi cha kugonga mlango na kupasuka paji la uso, akapandishwa cheo.

Siku ikafika. Wakaguzi walikaa mbele, vipofu wa muda wamejipanga kando yao, na mimi nyuma ya jukwaa nimeshika risala. Waziri Kilumba ana mazoea ya kuwashtukiza watu. Akaingia kwa mlango wa pembeni, kimyakimya, amevaa viatu vya raba. Vipofu wetu wote wakasimama kwa heshima, na yule mwenye cheo kipya akampigia saluti.

Wakaguzi wakatazamana. Mkaguzi mkuu, mama mmoja mwembamba, akageuka nyuma, akauona ukumbi mzima umesimama isipokuwa mtu mmoja katika safu ya walimu. Alikuwa Mwalimu Sikudhani, aliyeletwa na wenzake wa shule. Hakumwona Waziri, wala hakuna aliyemwambia, kwa hiyo alikuwa ameketi zake anasubiri sherehe ianze. Mkaguzi akamwomba aje mbele aonyeshe namna anavyoitumia tovuti.

Mwalimu akaunganisha simu yake na spika za ukumbi, na Mlango Mmoja ukasomwa mbele ya taifa, redio ikirusha moja kwa moja. "Picha. Picha. Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kiungo. Picha." Watu wakaanza kucheka kidogo kidogo. Walipogundua kwamba wanacheka, wakanyamaza wote kwa pamoja.

"Mheshimiwa Waziri," akasema Mwalimu, uso ameuelekeza pale aliposikia pumzi zake, "sikuja kuomba huruma. Fimbo ninayo. Naomba kitufe kiseme jina lake na nipewe muda wa kukibonyeza, basi. Siku ya mwisho iko karibu. Mimi ni mzima, nataka tu iandikwe hivyo."

Waziri akapanda jukwaani. Nilijua ataliokoa jahazi, ndiyo maana ni waziri. "Ndugu wananchi!" akanguruma. "Nani alisema tovuti yetu haisomeki? Si imesomwa? Si imesomwa na kipofu, hapa, mbele ya macho yenu? Picha imeitwa picha! Kitufe kimeitwa kitufe! Kuna nchi, sitazitaja, ambako kitufe kinaitwa vitu vya ajabu! Sisi tumekataa! Sisi ni watu wa ukweli!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Wakaguzi peke yao hawakupiga makofi. Waliondoka na kuacha agizo: watakaporudi baada ya uhakiki, wasikute idadi yoyote ya raia wanaoshindwa kuitumia tovuti. Wakiikuta, urafiki umekwisha.

*

Mtu asiniambie kwamba serikali haikujaribu. Iliundwa Kamati ya Maelezo ya Picha, mimi nikiwa katibu, ianze na picha ya Mkuu wa Nchi. Tulitakiwa kuandika maneno machache tu ya kumweleza asiyeona kwamba pichani pana nini. Mjumbe wa kwanza akaandika: "Mzee mnene mwenye upara anatabasamu." Tuliitazama karatasi, kisha tukautazama mlango. Kesho yake kiti chake kilikuwa kitupu, na keshokutwa kiti chenyewe hakikuwepo.

Mjumbe wa pili, akiwa amejifunza, akaandika: "Kijana mwembamba mwenye nywele nyingi." Huyo alishtakiwa kwa kumtangaza mtu mwingine kuwa ndiye Mkuu wa Nchi, yaani mapinduzi. Wa tatu alifikiri siku nzima, jasho linamtoka, akaandika: "Jua." Waziri akamuuliza kwa upole kama anafahamu kwamba jua huzama, na kama anayo tarehe. Tulibaki wachache mezani. Nikashauri, kama katibu, kwamba tubaki na neno "Picha," ambalo mpaka wakati huo lilikuwa halijamdhuru mtu.

Vitufe navyo vilikuwa na mambo yake. Kila kitufe kina idara yake, na idara hazikutaka kutajwa, kwani raia akijua kitufe ni cha nani atajua wa kumlaumu. Wimbo wa taifa usingeondolewa; nani angetia saini barua ya kuuondoa? Kuhusu muda, uliwekwa na Mkuu mwenyewe. Alipoulizwa siku ya uzinduzi raia wapewe dakika ngapi, aliinua vidole viwili, na ingawa baadaye ilisemekana alikuwa akimpungia mtu, hakuna aliyetaka kwenda kumuuliza.

Ndipo Waziri aliporudi kutoka Baraza la Mawaziri, uso unang'aa. "Jamani," akatuambia, "tumekuwa tukimshika ng'ombe kwa mkia. Kuibadili tovuti kumeshakula wajumbe watatu. Lakini wakaguzi wanataka nini? Wanataka idadi. Sasa niambieni, aliyeshindwa kuhakikiwa, siku ya mwisho ikipita, ni nani?"

"Ni marehemu, Mheshimiwa," tukajibu.

"Na marehemu huhesabiwa miongoni mwa wanaoshindwa kutumia tovuti?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kupiga makofi, na kwetu makofi yakishaanza hayaachwi yatima. Ilibaki dosari ndogo tu, kwamba baadhi ya marehemu hao wangeendelea kuonekana sokoni. Kwa hiyo ikatungwa Kanuni ya Usuluhishi, yenye mstari mmoja: panapokuwa na tofauti kati ya takwimu na mtu, kirekebishwe kilicho chepesi kurekebishwa. Niliandika mwenyewe nakala safi, kwa mwandiko wangu mzuri.

*

Siku ya mwisho Mwalimu alijaribu tangu alfajiri. Tuliusikia wimbo wa taifa kupitia ukutani, ukaisha, ukaanza, ukaisha, ukaanza. Kila ulipoanza, mimi na mke wangu tuliacha tulichokuwa tukifanya tukasimama. Mama Zawena alisimama na mwiko mkononi, machozi yanamtiririka, uji unaungua.

"Baba Zawena, nenda kambonyezee," akasema. "Ni kidole kimoja tu. Mungu atakusamehe."

Nikamkumbusha kuhusu jinai.

"Watoto wetu ni nani aliyewafundisha kusomea mtihani wa taifa usiku na mchana? Si yeye? Nenda, mume wangu."

Sikwenda. Jioni wimbo ulikoma. Mama Zawena alinitilia chakula, yeye hakula.

Jumatatu Mwalimu alikwenda kazini kama kawaida. Mkuu wa shule, mtu mpole sana, akampokea getini kwa mikono miwili, akampa pole. "Pole ya nini?" akauliza Mwalimu. "Ya msiba," akajibiwa. Wanafunzi walikuwa wamekatazwa kuitikia salamu ya marehemu. Mwalimu aliingia darasani akasema "Hamjambo," darasa zima likanyamaza, ikasikika tu kwikwi ya msichana mmoja aliyejifunika uso kwa kitabu. Akafundisha hivyohivyo mpaka kengele. Mada ya wiki hiyo ilikuwa haki ya kuishi.

*

Tangazo la mazishi lilitoka kwenye Mlango Mmoja na kuingia katika simu za mtaa mzima: Mwalimu Sikudhani Mbaruku, Ijumaa, nyumbani kwake, mahudhurio yatachukuliwa. Wala hakukuwa na haja ya kutishana. Kwetu mtu anaweza kukosa harusi, anaweza kukosa kazi, lakini msibani hakosi, maana asiyezika wenzake hazikwi. Ijumaa asubuhi majirani wakaja. Wakafunga turubai mbele ya nyumba, wakapanga viti vya plastiki, wakabandika masufuria. Mwalimu akasikia vigingi vinagongwa, akatoka na fimbo yake.

"Jamani, nani tena?" akauliza.

Wanawake wakapunguza sauti. Alisimama pale mlangoni kitambo, akielewa. Kisha, kwa kuwa ni mtu aliyelelewa vizuri na wageni walikuwa kwake, akasema maji ya kupikia yako kwenye pipa la uani, na mchele wasisahau kuuchambua. Akaja akaketi mkekani katikati ya waliokuja kumlilia. Mama Zawena akamshika mkono, na Mwalimu akauminya. Niseme kweli, hapo niliona uchungu. Nilimpenda yule mama, alikuwa jirani mwema.

Gari likafika, jeupe, halina madirisha, ubavuni limeandikwa: Usuluhishi wa Takwimu, Tunakujali. Akashuka Afisa Uhakiki wa Kata, Bwana Masunzu, kijana mnadhifu mwenye sauti laini.

"Shikamoo, marehemu," akasema.

"Marahaba. Sauti hii naijua," akasema Mwalimu. "Masunzu? Masunzu uliyekuwa husomi, hukumbuki mihimili ya dola?"

"Ndiye mimi. Siku hizi nakumbuka, umebaki mmoja."

"Umekuja kunichukua."

"Ndiyo. Tunakupeleka kituoni, kule nyuma ya kiwanda cha saruji. Ni mahali patulivu. Hatujawahi kupata lalamiko."

"Na nikikataa?"

"Marehemu hukataaje, Mwalimu?" akasema Masunzu, na alipojisikia amemwita Mwalimu akatazama huku na huku.

Mwalimu akasimama. Mikono ilikuwa ikimtetemeka, na hakuificha. "Basi waulize hawa. Majirani zangu, semeni wenyewe. Mimi ni mzima au nimekufa?"

"Ni haki yake," akasema Masunzu, akitugeukia kwa adabu. "Kanuni inaruhusu. Yeyote anayemsikia marehemu akizungumza anyooshe mkono. Tutamwandika, naye atapanda gari hilihili akapimwe masikio."

Kuku walikuwa wakiparura kando ya masufuria, na mikono yetu ikabaki magotini. Mwalimu akaanza kutuita, mmoja mmoja, kwa pale alipojua kila mtu ameketi. "Bi Mwanahawa, jana uliniazima kinu. Fundi Chande, kikohozi chako nakisikia. Mama Zawena." Mkono wa mke wangu ukaanza kuinuka. Niliuwahi, nikaushika, nikaurudisha gotini na kuukandamiza pale, kwa upendo, kama mume.

"Baba Zawena," akaniita mimi mwisho.

Nilikuwa nimeshasimama na karatasi yangu. Nikaisoma risala. Niliisoma kwa sauti kubwa kuliko siku zote, kwa kuwa kulikuwa na mtu anaita jina langu na wananchi wasingesikia vizuri. Nilisema marehemu alikuwa mtu wa watu, mwalimu wa vizazi, na kwamba ametutangulia. Nilipofika kwenye neno "ametutangulia," mlango wa gari ulifungwa.

Kabla vumbi halijatua, simu zetu zote zikalia pamoja. Ulikuwa ni ukurasa mpya wa Mlango Mmoja wa kuthibitisha mazishi. Haki ya Mungu, sijapata kuuona ukurasa kama ule. Haukuwa na picha wala wimbo. Maandishi makubwa, meusi tititi juu ya weupe, na kitufe kimoja tu, kipana, kinachosema jina lake chenyewe kwa sauti safi: "Thibitisha mazishi ya Sikudhani Mbaruku. Bonyeza popote. Una muda wa kutosha." Wakaguzi waliporudi walionyeshwa ukurasa huo, wakakiri kwamba unatimiza viwango vyote, cha kwanza hadi cha mwisho. Idadi ya wanaoshindwa ilikuwa sifuri. Tukapewa cheti, na mawe yakapakwa chokaa upya.

Mtaa mzima tulibonyeza palepale chini ya turubai. Mke wangu peke yake hajabonyeza. Simu yake iko mezani, mbele yangu hapa ninapoandika, inamwambia kila baada ya muda mfupi kwamba anao muda wa kutosha, naye huiangalia, kisha huniangalia mimi. Leo asubuhi Bwana Masunzu amepita kutusalimu, akauliza kama Mama Zawena hajambo, akaandika kitu. Nimemweleza mke wangu kwa upole, nimemsihi, nimempigia magoti. Amekataa. Basi, kwa kuwa mimi ni mtumishi wa umma na kazi haifai kuachwa mpaka dakika ya mwisho, nimeshaanza kuandika risala yake.